Nyumba Iliyogeuzwa Uso

Nilisikia mabati kabla ya kuona chochote. Alfajiri ile ukungu ulikuwa umeishukia Kitengela mzito kama uji wa wimbi, taa za barabara ya Namanga zikawa madoa ya manjano yasiyomulika kitu, na kutoka ndani ya weupe huo ikaja sauti: wowowo, wowowo, kama radi iliyolegea misumari. Kisha kikohozi cha injini. Kisha, polepole, pua ya lori.

"Kariuki, panda! Ama unangoja tukutumie kadi ya mwaliko?"

Huyo alikuwa Achieng', kiongozi wa kikundi cha vijana kanisani kwetu, ameketi juu ya mbao kama malkia, leso kichwani na nyundo kiunoni. Nikarusha mkoba wangu, nikashika ubavu wa lori, nikapanda.

Sababu ya safari ilikuwa mto. Wengi hupita mji wa Kajiado bila kujua kwamba jina lake ni la mto: Olkejuado, mto mrefu, ndivyo Wamaasai walivyouita. Miezi mingi ya mwaka mto wenyewe ni mchanga mtupu. Mbuzi hulala humo, vijana hupiga mpira humo. Masika hii mto ulikumbuka jina lake. Ulishuka ghafla na kuzoa nyumba zilizokuwa karibu na ukingo, pamoja na vitanda, sufuria, kuku, na kibanda cha kinyozi kilichoonekana kikielea kwa heshima zote, kioo chake bado kimening'inia ukutani.

Kanisani Kitengela likatolewa tangazo kwamba kila kikundi kichukue nyumba moja na kuijenga upya. Sisi tukapewa ya mama mmoja aitwaye Mama Naserian, ng'ambo ya mto, chini kidogo ya mji wa Kajiado. Tangazo liliongeza jambo moja: binti yake, Naserian, alikuwa anaolewa Jumamosi. Siku tuliyoondoka ilikuwa Alhamisi.

Mimi huandika riwaya, kazi isiyoezeka paa la mtu yeyote, na wiki hizo nilikuwa nimekwama kwenye sura moja ambayo mhusika wake alikataa kabisa kutoka kitandani. Kwa hiyo Achieng' aliponiuliza kama naweza kushika msumeno, nilisema ndiyo kabla ya kujiuliza kama ni kweli.

Isinya, jua lilituchomokea. Ukungu ukapasuka na tambarare ikajifunua mpaka upeo wa macho, kijani kibichi cha baada ya mvua, pundamilia wachache wakilisha kando ya ng'ombe kana kwamba wote ni wa mwenye boma mmoja. Nilitaka kunyamaza niitazame. Lakini Achieng' kazi yake ni kuuza ploti, na hawezi kuona nyasi bila kuzigawa.

"Ile kona yenye bango, niliuza mimi," alisema. "Na hii hapa, barabarani kabisa. Mteja alilia kwa furaha. Ploti ikiangalia barabara, hiyo si ploti, hiyo ni pensheni."

"Na hao pundamilia umewapimia?" akauliza Mutiso.

Mutiso alikuwa fundi wetu. Ujana wake aliutumia kwenye timbo za mawe za Kitengela, akipasua mawe ya kujengea, kisha akahamia mbao kwa sababu, alisema, mbao haikurudishii vumbi kifuani. Alikuwa mtu wa maneno machache na misumari mingi, na mingi ya hiyo aliihifadhi mdomoni.

Mtoni, tulipouacha mji nyuma na kushuka njia ya udongo, tulikuta maji yamepungua lakini hayajaacha adabu mbaya. Lori liliingia, likafika katikati, likakaa. Tulishuka sote kusukuma, matope hadi magotini, tukicheka kama watoto waliotoroka shule. Likatoka. Ila upande wa nyuma, pale mifuko ya saruji ilipokuwa imepangwa, maji yalikuwa yameingia kimya kimya. Mutiso aligusa mfuko mmoja, akagusa wa pili, akavua kofia.

"Imelowa yote," alisema. "Kufika jioni itakuwa mawe. Nimetoka timboni nikidhani nimeachana na mawe."

Bomani tulifika jua likiwa bado si kali. Niseme "bomani" kwa kuwa ndivyo tulivyoambiwa, maana ua wa miiba uliokuwa umelizunguka ulikuwa umebebwa na maji karibu wote. Iliyobaki ilikuwa nyumba moja ya udongo upande wa juu, zizi la ng'ombe lililotengenezwa kwa haraka, na lango: nguzo mbili zimesimama peke yake bila ua kulia wala kushoto, na watu bado wakipita katikati yake kwa uaminifu.

Mama Naserian alitupokea hapo langoni. Alikuwa mwembamba na mrefu, shanga za shingoni zikimcheza kila alipogeuka, miguuni gambuti nyeusi, simu imening'inia kifuani ndani ya kifuko cha shanga. Niliinamisha kichwa kama nilivyoelekezwa na akanigusa utosini kwa kiganja.

"Supa," alisema.

"Ipa," nilijibu, na wanawake nyuma yake wakacheka kwa jinsi nilivyolitamka neno hilo fupi kwa bidii nyingi.

"Karibuni. Mto umetuachia nafasi kubwa. Jengeni."

Chai tuliinywa kwenye ile nyumba iliyosalia. Ilikuwa ya Mama Saruni, mke mwenza, mama mnene mwenye kicheko kilichomtangulia kila alikokwenda. Alituwekea maziwa hadi chai ikabaki jina tu. Na hapo, tukiwa tumeshika vikombe, Mama Naserian alitueleza shida yake waziwazi.

"Binti hutokea mlango wa mama yake," alisema. "Mimi nilitokea wa mama yangu, na yeye wa mama yake. Jumamosi watu wa Illasit, upande wa bwana harusi, wanakuja kumchukua Naserian. Kama nyumba yangu haitakuwa imesimama, atatokea hapa, kwa Mama Saruni."

"Na mimi nimeshasema sawa," Mama Saruni akaingilia. "Nyumba ni yake pia. Nimefagia."

"Amefagia," Mama Naserian akakubali. "Ni mtu mzuri sana. Ndiyo sababu sitaki."

Wakatazamana wakaangua kicheko wote wawili, kicheko cha wanawake waliokwisha kugombana kwa miaka na kumaliza. Lakini Mama Naserian alipoacha kucheka, alifuta macho kwa ncha ya shuka, na hakuyafuta kwa sababu ya kicheko.

"Kitanda nitapata kingine," alisema. "Sufuria nitapata. Hii siku hairudi."

Adhuhuri ya Alhamisi wanawake walichukua panga na kamba wakaenda bondeni kukata fito na kuchimba udongo mzuri wa kukandika. Kwa Wamaasai nyumba ni kazi ya mwanamke na mali ya mwanamke. Makubaliano yalikuwa sisi tusimamishe nguzo na kuezeka mabati, wao wakandike kuta. Tukabaki sisi watu wa Kitengela, lundo la mbao, na uwanja mtupu.

Achieng' alisimama katikati ya uwanja, akaunganisha dole gumba na shahada kama mpiga picha, akazunguka taratibu. Upande mmoja ulikuwa na zizi na kinyesi kibichi. Upande wa pili, pale ua ulipokuwa zamani, tambarare ilifunguka vizuri ajabu mpaka kwenye ile njia ya udongo inayotoka mjini.

"Mlango hapa," alisema, akapiga kigingi. "Uangalie barabara."

Hakuna aliyebisha. Mtu wa Kitengela angebishaje? Kwetu kila kitu huangalia barabara: duka, kanisa, kinyozi, na mwenye nyumba. Ukipewa ploti ya nyuma unahuzunikiwa kama mgonjwa. Tulichimba mashimo, tukasimamisha nguzo, na kwa kuwa saruji ilikuwa imetusaliti, Mutiso akatuambia tushindilie mawe na udongo. Nilikata mbao fupi, nikakata nyingine fupi zaidi, nikahamishwa kwenye kitengo cha kushika ngazi. Kufikia jua kuelekea machweo, mabati yalikuwa yameshika rangi ya machungwa juu ya paa lenye mteremko mmoja safi, kutoka mbele kwenda nyuma, na mlango wa mbao ulikuwa umepachikwa, bawaba zake zimepakwa mafuta. Ulikuwa mzuri. Nilitaka kuuandikia shairi.

Wanawake walirudi na mizigo migongoni. Mama Naserian alishusha wake, akaizunguka nyumba mara moja, akarudi mahali alipoanzia.

"Mlango uko wapi?"

Achieng' akamwonyesha kwa mikono yote miwili, kama anayekabidhi funguo.

Mama Naserian alitazama mlango. Akatazama njia. Akatazama ng'ombe.

"Asante," alisema. "Asanteni sana." Akatuletea maziwa mengine, nasi tukaenda kulala kwenye darasa la shule ya jirani, mikono ikiuma na mioyo ikijisifu.

Ijumaa asubuhi tulikuta udongo umeloweshwa, kinyesi cha ng'ombe kimerundikwa, majivu yako tayari kwenye karai, na wanawake wote wameketi. Tulisalimiana vizuri. Tukapewa chai nzuri. Kisha wakaendelea kukaa.

"Kuna shida?" Achieng' akauliza.

"Hakuna shida," akajibu Mama Naserian.

"Udongo ndio bado?"

"Udongo uko sawa."

"Fito hazitoshi?"

"Fito ziko mingi."

Ng'ombe mmoja akakohoa. Mwishowe alisimama Naserian mwenyewe. Alikuwa mwalimu wa chekechea mjini Kajiado, msichana mwenye uso wa upole na sauti iliyozoea kueleza jambo mara ya tatu bila kukasirika.

"Yeyo hawezi kuwaambia," alisema, na *yeyo* ndilo neno lao la mama. "Mgeni akikuletea zawadi, utamwambia aje kwamba imegeuka? Wacha niseme mimi. Mlango umeangalia nje."

"Umeangalia barabara," Achieng' akamsahihisha kwa wema.

"Ndio hiyo nje. Mlango wa mama huangalia ng'ombe. Kesho nikitokea hapo, nimeingia kwa barabara moja kwa moja. Sijapita mbele ya ng'ombe za baba, sijapita kwa lango. Mwajua ni msichana gani hutoka hivyo? Ni yule ametoroka."

Nilimwona Achieng' akiugeuza ulimwengu wake kichwani, pensheni na yote. Akajaribu kwa mara ya mwisho: "Lakini, Mama, kutoka hapa unaona mpaka mbali!"

"Naona nini?" Mama Naserian akauliza, na sasa alikuwa anacheka. "Nikae nikiangalia barabara, nangoja nani? Basi ya Namanga? Watu wangu wako huku," akaelekeza kidevu zizini. "Lakini mimi pia ni mjinga. Ningesema jana. Niliona mmechoka, nikasema labda watu wa Kitengela wako na sababu yao."

"Sababu tulikuwa nayo," Mutiso akasema. "Ilikuwa ya Kitengela."

Kukaanza mashauri. Mmoja wetu akapendekeza tutoboe mlango wa pili upande wa ng'ombe. Mama Saruni akapiga kofi pajani. "Milango miwili ni duka! Mwenzangu, utauza nini? Sukari?" Mwingine akasema tuuzibe mlango wa mbele na kuuhamishia nyuma. Mutiso akatikisa kichwa: paa linateremka kuelekea nyuma, mvua yote itamwagikia mlangoni, na kubomoa paa na kuliezeka upya kungekula siku nzima, wakati ukuta wa udongo unahitaji kukaukia. Siku hiyo nzima hatukuwa nayo.

Naserian alikuwa amesimama kando akiukuna msumari mmoja kwa ukucha. Sikupenda kumtazama. Mama yake alikuwa amekwisha kugeuza uso kuelekea nyumba ya Mama Saruni, kama mtu anayezoeza macho.

"Basi igeuzeni!" Mama Saruni akasema, akapindua kiganja hewani kama anayegeuza chapati.

Wote wakacheka, mimi pia. Mutiso pekee hakucheka. Alitoa misumari mdomoni, jambo ambalo sikuwa nimewahi kumwona akilifanya kabla ya jioni, akaiendea nguzo ya pembeni, akaitikisa. Ikatikisika.

"Saruji iko wapi?" aliuliza.

"Si ililowa?" nikasema.

"Ililowa," akarudia, na tabasamu likaanza kumpanda taratibu. "Ingekuwa haijalowa, hii ingekuwa imeshika. Sikilizeni. Nyumba hii ina pembe nne na nguzo zimelingana kila upande. Ukiigeuza mbele kuwa nyuma, mashimo ni yale yale. Na ukuta bado hauna udongo. Ni mbao na mabati tu."

"Fundi," Achieng' akasema, "unataka kubeba nyumba?"

"Si mimi. Sisi."

"Nyumba kuhama ni kitu gani?" akasema Mama Naserian, na nikaona shanga zake zimeamka. "Bibi yangu alihamisha yake kwa punda, kila mwaka. Hii yenu hata haiendi mbali."

Asubuhi hiyo hiyo tulifukua nguzo. Mutiso alipigilia mbao za mshazari kila upande ili nyumba isipepesuke, kisha akafunga miti mirefu kwa chini, itokeze nje tupate pa kushika. Jamaa walikuwa wamekwisha kuanza kufika kwa ajili ya harusi, na kila aliyefika alipewa chai kisha mti wa kushika. Wanawake wakachukua upande mmoja bila kuulizwa. Wanaume wakapewa wa pili. Baba Naserian, mzee mfupi mwenye kofia ya pama, aliweka kigoda chake mahali pa kuonea vizuri akaanza kutoa amri kwa fimbo, amri ambazo hakuna aliyezifuata na ambazo hakujali zisipofuatwa.

"Mama, toka ndani!" Mutiso akapiga kelele.

Maana Mama Naserian alikuwa ameingia nyumbani mwake akasimama katikati, mikono kiunoni.

"Sitoki. Siachi nyumba yangu itembee peke yake."

"Itakuangukia!"

"Ile ya kuniangukia ilishaniangukia. Hii niko nayo. Inueni!"

Tukainua. Nitaikumbuka sauti ile ya mbao zote zikiugua pamoja, mabati yakitetemeka, nguzo zikichomoka mashimoni kama meno, na ghafla nyumba nzima ikawa hewani, ina miguu mingi, mingine viatu vya raba, mingine malapa ya tairi. Kuku wakakimbia. Mbwa akabweka, kisha akafikiri vizuri akanyamaza. Na kupitia mbao zilizo wazi nilimwona Mama Naserian akitembea ndani, hatua kwa hatua, akizunguka pamoja na nyumba yake kama mtu anayecheza dansi na mtu mkubwa.

"Wanaume!" Mama Saruni akaita kutoka ng'ambo. "Mnabeba, ama mmeshikilia tu msianguke?"

"Tunabeba!"

"Basi mbona upande wenu unainama?"

Upande wetu uliinama kweli. Tulipofika nusu, nyumba ikiwa imekaa mshazari, pembe yetu ilizama, nikateleza kwenye matope, na paa lote likaegemea. Fremu ya mlango ikalia kama mtu. Nilimwona Naserian, ambaye alikuwa ameambiwa apumzike kwa kuwa ni bibi harusi, akitupa kanga yake chini na kuja kujipenyeza kati yangu na Mutiso, bega lake chini ya mti.

"Moja, mbili," alisema kwa sauti ya chekechea, "na wote!"

Tulinyanyuka wote. Wanawake wakaanzisha wimbo, mmoja akiita na wengine wakijibu kwa kishindo cha chini kifuani, na miguu yetu ikapata mahali pa kukanyaga. Nyumba ikazunguka. Ikapita mbele ya zizi, mlango wake ukiwa wazi, kama inayowasalimu ng'ombe. Ikashuka. Nguzo zikatafuta mashimo, zikayapata, isipokuwa moja iliyohitaji kutukanwa kidogo na Mutiso kwa Kikamba. Kisha kila kitu kikatulia, na Mama Naserian akatoka mlangoni mwake, akawatazama ng'ombe wakimtazama.

"Sasa," alisema. "Leteni udongo."

Mchana kutwa tulikandika. Nasema tulikandika kwa sababu nami nilikandika, ingawa kuna watu bomani pale watakaosema nilikuwa nachafua ukuta. Udongo, kinyesi cha ng'ombe, majivu na maji huchanganywa kwa miguu mpaka vilainike. Unachota konzi, unaipiga ukutani kwa nguvu ishike fito, kisha unalainisha kwa kiganja, kuanzia juu kwenda chini. Harufu yake ilinitisha kidogo mwanzoni na kunizoea jioni.

"Kariuki," Mama Saruni akauliza, mikono ikiendelea, "umeoa?"

"Bado, Mama."

"Ukienda kwa wakwe, usiwaambie unajua hii kazi. Watakuachia."

"Na mke naye?"

"Mke ataenda kutembea. Ningeenda mimi!"

Jioni, moto ukiwashwa ndani ili kuta zikauke, nilikaa nje na Mutiso na Naserian tukitazama moshi ukipenya chini ya mabati mapya. Nikamuuliza Naserian kama anaogopa Illasit.

"Illasit ni pazuri. Bwana harusi hulima nyanya na vitunguu, na mlima wenye theluji uko hapo tu. Naogopa kutoka." Akachora kwa kidole mavumbini. "Bibi harusi haangalii nyuma. Akitoka kwa mlango wa mama yake, aende mbele mpaka afike. Wazee wanasema kuna mmoja aligeuka akawa jiwe."

"Usigeuke," Mutiso akamshauri. "Kitengela mawe tayari ni mengi, bei itashuka."

Alicheka mpaka akajifunika uso. Kisha akasema, bado amejifunika, "Nafundisha watoto waangalie kushoto, kulia, tena kushoto ndio wavuke. Mimi kesho siruhusiwi hata mara moja. Na namjua yeyo. Atasimama hapo, na mimi nitajua amesimama hapo."

Mutiso akarudisha msumari mdomoni.

Safari ya kurudi naiweka hapa, kabla ya asubuhi ya harusi, ingawa ilikuja baada yake, kwa kuwa haikuwa na tukio na sitaki iwe mwisho wa hadithi. Tuliondoka Jumamosi mchana. Lori lilikuwa jepesi, mto ulikuwa umeshuka zaidi na ukatupitisha bila neno. Njia nzima tambarare ilijitandaza, na Achieng' hakuigawa. Tulikwisha kuipita Isinya aliponigusa bega.

"Kariuki, nyumba yako Kitengela inaangalia wapi?"

Nikafikiri. "Ukuta wa jirani."

"Yangu inaangalia barabara. Miaka yote nimeona magari. Mama yangu akija kutoka nyumbani hukaa jikoni, kwa dirisha la nyuma, na mimi humwambia, 'Mama, njoo mbele kuna vyu, unaona mpaka mbali.'" Akakaza leso kichwani. "Sijawahi kumuuliza kule nyuma anaangalia nini."

Nilichojifunza mimi si kikubwa kuliko hicho. Tulikwenda na mbao nzuri, fundi mzuri na nia nzuri, tukamjengea mtu nyumba yetu. Sasa nikisikia mtu anataka kumsaidia mwenzake, humwambia akae kwanza kwenye chai, kikombe cha pili hata cha tatu, aulize mlango wa mwenyewe huangalia nini. Na kama ameshajenga, basi asishindilie sana. Hayo tu. Yule mhusika wangu aliyekataa kutoka kitandani nilimwacha alale. Nilianza kuandika haya.

Turudi basi Jumamosi asubuhi, bomani.

Watu wa Illasit walikuja na magari mawili na mablanketi mekundu. Jua lilikuwa limewaka vizuri na kuta za nyumba zilikuwa zimekauka, kasoro pembe moja, ile niliyokandika mimi, iliyokuwa bado na unyevu. Nikasimama karibu nayo nikiilinda watu wasiiegemee. Ndani nilisikia sauti za wanawake, za chini, kisha kicheko kimoja cha Mama Saruni.

Naserian akatoka. Kichwa kilikuwa kimenyolewa kikang'aa kwa mafuta, shanga zimempanda mpaka kidevuni, majani mabichi yamefungwa kwenye viatu vyake. Alisimama mbele ya mlango, na mbele yake wakasimama ng'ombe wa baba yake. Baba Naserian alichovya majani kwenye kibuyu cha maziwa akamnyunyizia bintiye, akisema baraka moja baada ya nyingine, na wazee wakizipokea kwa pamoja, kama wanaosema amina: *Naai, Naai*. Siku hiyo hakutoa amri.

Kisha bwana harusi akatangulia, na Naserian akafuata, taratibu, kama desturi inavyotaka, kila hatua ikionekana kuwa inaweza kuwa ya mwisho. Alipita mbele ya ng'ombe. Mmoja akanyoosha shingo akamnusa begani. Alipita mbele ya nyumba ya Mama Saruni. Alielekea langoni, kwenye zile nguzo mbili zisizo na ua.

Mama Naserian alikuwa amesimama kizingitini, hatua moja tu kutoka niliposimama. Hakulia. Alikuwa amebana midomo kama mtu aliyeficha maji kinywani.

Kwenye nguzo, mwendo wa Naserian ulikufa. Tuliona sote. Shanga za mgongoni zikatulia, halafu ile ya juu kabisa, iliyokaa karibu na sikio, ikaanza kusogea kuelekea upande wetu.

"Nikiuacha mlango wazi nitamwita," Mama Naserian alisema, sijui kama aliniambia mimi.

Akarudi ndani, akaushika mlango. Fremu ilikuwa imepinda kidogo tangu jana nyumba ilipoegemea, kwa hiyo uligoma. Akauwekea bega, akausukuma kwa nguvu zake zote, na kishindo chake kikavuka zizi, kikavuka ng'ombe, kikafika langoni. Shingo ya Naserian ikarudi mbele. Akapita kati ya zile nguzo, na nyuma yake mlango wa mama yake ulikuwa umefungwa.